Kuichukua Habari Kutoka Keko Hadi Mbweni

Mama yangu alipopata barua kwamba huenda nikapelekwa Uingereza kusomea udaktari, aliwatangazia watu wa kwetu Upareni kwamba wenye vidonda wanisubiri. Ikanibidi nimweleze kwamba udaktari wenyewe si wa sindano. Ni wa kuchunguza namna habari inavyotoka kwa mtu mmoja ikamfikia mwingine, na anayeumaliza hufundisha chuoni au huongoza ofisi ya habari kama hii yetu ya Dar es Salaam, ambako mimi nilikuwa mfasiri. Mama alijibu kwamba kwao habari hufika bila daktari. Nawasimulieni safari hii nyinyi wa nyumbani, muone kwamba hakukosea sana.

Nafasi ilikuwa moja, na waombaji tulikuwa wawili: mimi na Simeoni, ambaye meza yake ilitazamana na yangu. Maombi yalikwisha kwenda na jibu lilikuwa linasubiriwa. Niliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Bwana mkubwa wetu aliponiona nimeanza kuulizia kila meli ya barua inayoingia, aliniambia nitoke nikauanze utafiti wangu, niangalie habari za mjini zinavyofika pembezoni. Nilitoka na imani moja niliyoiokota vitabuni, kwamba kila mdomo ambao habari inaupitia huichelewesha na kuipunguza.

Asubuhi ya kuondoka nilianzia Keko kwa mafundi seremala, kwa kuwa gazeti la Serikali lilisomwa kwa sauti katika banda la Fundi Abdala. Siku hiyo hakuna aliyelisoma. Randa zilikuwa zimelazwa juu ya mbao na mafundi wamekaa chini. Fundi Salumu, mkubwa wao, alikuwa amefariki alfajiri.

Nilitoa pole. Fundi Abdala akaniuliza, "Unaelekea wapi leo, Mwalimu?" Waliniita hivyo kwa sababu niliwahi kufundisha.

"Mbweni."

"Basi Mungu kakuleta. Marehemu ana dada yake huko, Bi Mwanahawa. Wamezaliwa wawili tu. Tutamngoja amuage nduguye, lakini maiti haitalala. Kabla ya magharibi tunazika. Habari hii ichukue wewe, ila usimpe mwenyewe. Mpe Mzee Kombo, jirani yake."

"Si nimwambie mwenyewe tu? Ndiyo haraka."

"Mpe Mzee Kombo," akarudia.

Kariakoo nilipata lori lililokuwa likifuata nazi upande wa Boko. Baada ya Kinondoni nyumba zilipungua, minazi na mikorosho ikazidi, na barabara ikawa mchanga mtupu. Karibu na Kunduchi tulikwama. Tulishuka wote tukasukuma, dereva akitulaumu kana kwamba mchanga tumeumwaga sisi. Kila nikitazama jua niliona limepanda, na nilikuwa na hasira ya mtu aliyebeba mzigo usio wake.

Adhuhuri ilinikuta naingia Mbweni kwa miguu kutoka njia panda. Mzee Kombo, mtu mfupi mwenye ndevu nyeupe, alikuwa barazani akishona makuti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Nilimpa habari. Alisema inna lillahi, akayaweka makuti chini taratibu, kisha akauliza, "Nani mwingine umemwambia hapa?"

"Hakuna."

"Vyema. Nenda kwa Bi Mwanahawa, nyumba ile yenye mti wa mkungu mbele. Kamsalimie, mwambie unatoka ofisi ya habari, muulize hayo mambo yako. Ukae."

Nilikwenda nikakaa. Bi Mwanahawa alikuwa mwanamke wa makamo, mcheshi, anakuna nazi huku mjukuu wake akicheza miguuni. Alinikaribisha chakula kabla sijamaliza kujitambulisha. Nilimuuliza habari za mjini humfikiaje, akasema zinakuja na watu, nyingine za kweli na nyingine za kuchekesha. Mimi niliandika, lakini ulimi ulikuwa unaniwasha. Ndugu yake pekee amelala Keko chini ya shuka, naye ananiuliza kama wali wangu nautaka na mchuzi mwingi.

Wakati huo majirani walipita mmoja mmoja. Wa kwanza alimchukua mjukuu, ati akacheze na wenzake. Wa pili alianua nguo kambani akazikunja. Wa tatu, mama mrefu asiyetabasamu, alimfungua mbuzi wa Bi Mwanahawa akaondoka naye bila kusema kitu. Niliwachukia. Kijiji kizima kinajua, nikawaza, na mwenye habari yake ndiye wa mwisho. Mara mbili nilifungua kinywa nimwambie, na mara mbili nilikifunga kwa kutia tonge.

Ndipo Mzee Kombo akaingia na wanawake wawili, wakakaa karibu naye pande zote mbili. "Mwanahawa, jikaze," akasema. "Kaka yako Salumu hatunaye."

Alilia, wakamshika. Kabla hajanyamaza nilisikia lori nje. Lilikuwa lile lile la nazi. Mkwe wa Mzee Kombo alikuwa amelikimbilia Boko, dereva akakubali kushusha nusu ya shehena ili wafiwa wapate pa kukaa. Kanga za Bi Mwanahawa zilikuwa zimeshafungwa furushi. Mlango ulikuwa na wa kuulinda. Kilichobaki kilikuwa kupanda.

Njiani kurudi nilikaa karibu naye juu ya magunia. Baada ya Kunduchi, bila kuulizwa, alisema, "Mie nilijua kitambo, baba. Yule aliyemchukua mbuzi wangu ni Zuhura. Hatusemezani tangu Idi. Nilipomwona kaingia uani kwangu, nikajua nimefiwa."

"Mbona hukuuliza, mama?"

"Ningeuliza, ningelia. Nikilia wote wanalia, na lori nani angelifuata? Nikawaacha watengeneze."

Tulifika Keko jua limeegemea, jeneza bado liko ndani. Mafundi wenyewe walikuwa wamelichonga. Alifunuliwa uso wa kaka yake akamuaga, nami nilisimama nje na wanaume, nimefarijika kuliko nilivyotarajia kwa watu nisio na undugu nao. Vitabu vyangu vilikuwa vimepima habari inafika upesi kiasi gani. Havikuuliza ikifika inamkuta mtu ameshikwa na nani.

Kesho yake asubuhi nilirudi ofisini na karatasi zangu. Tarishi alikuwa amefuta kiti changu vumbi. Bwana mkubwa alinichungulia kupitia kioo cha mlango akajirudisha. Simeoni, ambaye birika lake la chai halijapata kummiminia mtu tangu nimjue, aliinuka, akanimiminia kikombe kilichojaa, akatia sukari bila kuniuliza, na pembeni akaweka nusu ya mkate wake.

"Kunywa kwanza," akasema, macho yake yakiwa mezani.

Niliumia, na sitawaficha. Miaka yangu yote ya kutumaini iliishia kwenye kikombe kile, naye aliyenishinda ndiye aliyekishika. Ningeweza kumuuliza. Nilivuta kiti nikakaa, nikala mkate wote, nikanywa chai mpaka chini, nikamwambia ahsante. Kisha nikaenda kubisha hodi kwa bwana mkubwa.