Msindikizaji wa Mgonjwa wa Kifua

Kwetu mgonjwa haendi hospitali peke yake. Juzi Korogwe, kliniki ya kifua, waliingia wazee wawili kutoka Sindeni: mmoja anakohoa, mwenzake amembebea bahasha ya picha za kifua.

"Shikamooni wazee," nesi alisema. "Sigara muache nyote wawili. Nitawasaidia."

"Mimi mzima, mwanangu," alijibu mwenye bahasha, kiganja kikifunika pakiti iliyochungulia mfukoni mwa shati. "Nimemsindikiza tu."

Mgonjwa alisubiri kikohozi kimwachie, akamgeukia mwenzake.

"Mimi nami nilianza kuja hapa nikimsindikiza marehemu kaka."

Mwenye bahasha akaitoa pakiti, akamkabidhi nesi, akauliza wazima wanapanga foleni wapi. Nesi akamwonyesha benchi lile lile la wagonjwa.