Siku Niliyopokea Tuzo ya Moses

Cheka kabisa sasa hivi umalize, maana nikishaanza sitaki kukatishwa. Aibu hii niliitafuta mwenyewe, sina wa kumsukumia, na mpaka leo nikipita Deira, hapa Dubai, nageuza uso upande wa pili wa barabara kama mtu aliyeachana na mke mtaa ule.

Hoteli yenyewe siitaji jina kwa sababu bado inanilisha. Ila ni kampuni ya zamani, ya tangu enzi ambazo wazee wa hapa wanasema palipo na maghorofa palikuwa mchanga mtupu. Kampuni moja, hoteli nyingi: ipo ya Deira ndiyo kongwe, ipo ya Barsha, ipo ya karibu na uwanja wa ndege, na zote jina moja, zulia moja, taa zile zile za vioo, wafanyakazi sare zile zile za kahawia zenye vifungo vya dhahabu. Mimi Athumani, mtoto wa Korogwe, nilipangiwa Barsha, kubeba mizigo ya wageni. Sare nilikuwa nimeshapewa, beji ya jina wakasema nitaikuta huko huko.

Asubuhi ya siku ya kwanza niko tayari kabisa pale kwenye kambi yetu ya wafanyakazi, Al Quoz, basi la kampuni linanguruma nje, nikajitazama kwenye kioo nikaona suruali ina mkunjo gotini. Mkunjo wenyewe mdogo tu (nadhani hata nzi asingeuona), lakini nikasema hapana, siku ya kwanza mtu haendi na mkunjo, nikaingia foleni ya pasi. Mwenzangu wa chumbani, Wafula, Mkenya anayefanya kazi ya udobi, akachungulia mlangoni.

"Bro, basi halingoji mtu. Utaachwa, shauri yako."

"Nakuja, nakuja!"

Nikaachwa.

Nikakimbia barabarani kusimamisha teksi. Dereva alikuwa Mpakistani mzee mwenye ndevu za hina, nikamtajia jina la hoteli, akaniuliza kitu kwa Kiurdu ambacho sikuelewa isipokuwa neno moja, Deira. Sasa mimi mji huu nilikuwa sijaujua, nikadhani Deira ndiyo njia tutakayopitia, na sikutaka aone kwamba ni mgeni akanizungusha, kwa hiyo nikaitikia kwa sauti ya mwenyeji, "Yes, yes, yalla, twende!" Akanifikisha mpaka mlangoni na kuniombea dua. Mlango, zulia, taa, vyote kama nilivyoonyeshwa kwenye picha. Ningejuaje?

Sijamaliza hata kufuta viatu, akatoka mama mmoja Mfilipino, mfupi, mwenye haraka, karatasi kibao mkononi (baadaye nilijua anaitwa Madam Liza, wa ofisi ya wafanyakazi).

"Wewe ndiye yule wa mizigo? Kutoka Afrika?"

"Yes, madam."

"Umechelewa! Watu wote wanakungoja wewe!"

Nikaomba radhi mbio mbio huku moyoni nikisema, jamani, hii ndiyo hoteli, mbeba mizigo mpya akichelewa watu wote wanamngoja! Akanishika mkono, akanipitisha jikoni, akaninyoosha kola, akanifuta jasho kwa leso yake mwenyewe, akafungua mlango mkubwa, nikajikuta ndani ya ukumbi umejaa. Wapishi na kofia zao, walinzi, wasafishaji, wakubwa wenye suti, meza ndefu ya vyakula, keki kubwa, na jukwaani meneja mkuu, Mlebanoni mwenye mvi, ameshika maiki. Nilipoingia wakapiga makofi.

Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Mimi nilifikiri wanakaribisha wafanyakazi wapya. Nikapunga mkono.

Meneja akaongea kirefu, Kiingereza chake kinapita kooni, maiki nayo inakoroma, nikaokota maneno machache, bidii, tabasamu, wageni, kisha akaita, "Moses!" Madam Liza akanisukuma mgongoni. Kweli lile jina nililisikia, siwezi kukana, lakini tangu nitue Dubai nimeshaitwa Osmani, Atimani, na kuna mlinzi mmoja wa kambini aliniita Tumaini wiki nzima, kwa hiyo nilishakata tamaa ya jina langu. Nikapanda.

Nikakabidhiwa tuzo ya kioo, nzito, umbo la tone la maji, na bahasha. Meneja akatangaza kwamba ndani ya bahasha mna tiketi ya ndege ya kwenda nyumbani. Jamani, hata begi moja sijalibeba, wananirudisha?

"Sema maneno mawili," akaniambia, akanipa maiki.

Nikaona nijitetee. Nikasema kwa Kiingereza changu cha Korogwe, "Nashukuru sana. Lakini mabwana na mabibi, leo ni siku yangu ya kwanza kazini."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Meneja akanipiga bega, akawageukia watu. "Mmesikia? Huyu ndiye mfanyakazi! Kila siku kwake ni siku ya kwanza!"

"Kweli kabisa, sir," nikasema, "hata lifti sijui iko wapi."

Wakacheka mpaka mpishi mmoja akavua kofia akajipepea. Na mimi, Mungu anisamehe, nikanogewa. Wewe hujawahi kuchekesha watu wenye suti, hujui utamu wake. Nikaanza kuwasimulia habari za suruali na foleni ya pasi, mkono mmoja maiki, mkono mwingine nainua tuzo juu kama refa anayetoa kadi.

Mlango ukafunguliwa.

Akaingia kijana mweusi, sare kama yangu, jasho linamtiririka, beji kifuani imeandikwa MOSES, na mbele yake ameinua simu ikionyesha ukumbi. Kwenye simu alikuwepo mama mzima kavaa gomesi, lile gauni la Kiganda, nyuma yake wamejipanga watu kama harusini. Alikuwa mama yake, kule Masaka, na majirani wote walioalikwa kushuhudia.

"Madam, samahani sana," akasema Moses. "Kuna ajali darajani, magari hayaendi."

Madam Liza akamtazama yeye, akanitazama mimi, akaangalia karatasi zake. "Sasa wewe ni nani?" akaniuliza, na kwa bahati mbaya maiki ilikuwa bado iko wazi.

"Athumani, madam. Mpya. Wa Barsha."

"Hapa ni Deira!"

Nilitaka kushuka haraka nimpe mwenye mali mali yake. Mkono ulikuwa umelowa jasho, tone la kioo likaniponyoka, likaruka juu ya keki (tumshukuru Mungu) likatua katikati ya bakuli la hummus, zile dengu za kusaga, likazama lote. Nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nikaitoa tuzo, nikaifuta kwa ile kola iliyonyooshwa, nikampa Moses kwa mikono miwili.

Akaipokea. Alikuwa amekaza uso na midomo inamtetemeka, na mimi niliona wazi kwamba nimemharibia siku ambayo ukoo wake mzima ulikuwa umeisubiri. Sijawahi kujisikia mdogo kiasi kile. Kisha mama yake akasema kitu kirefu kwa Kiganda, na majirani nyuma yake wakaangua kicheko.

"Anasema nini?" nikauliza kwa woga.

"Ssebo, bwana," akajibu Moses, na yeye sasa kicheko kinamshinda, "anasema huyo apewe chakula, njaa ndiyo inamfanya achote na mkono."

Meneja mkuu, namshukuru, akaanza upya yote tangu mwanzo, makofi, jina, bahasha, Moses akahutubia vizuri kwa sauti ya utulivu, na mama yake akapiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Mimi nilisimama nyuma karibu na wapishi, mkono unanuka kitunguu saumu, nikingoja kufukuzwa. Barsha walikuwa wameshapiga simu kuuliza nimetorokea wapi, na unajua hapa ukihesabiwa mtoro viza inaondoka na wewe.

Moses ndiye aliyewaendea wakubwa. Sikusikia aliyosema, nilimwona tu akinionyesha kwa kidole huku akicheka, na Madam Liza akitikisa kichwa, mwishowe akaniambia, "Khalas, yameisha. Nenda kwako. Na upande gari la kampuni!"

Ndani ya gari nikakaa pembeni ya Moses, nikamwomba radhi njia nzima mpaka akachoka. Nikamuuliza na yeye anashukia wapi.

"Barsha, ndiko kazini kwangu, huku nilifuata tuzo tu," akasema. "Jana niliambiwa nikitoka huku nimfundishe kazi kijana mmoja mpya. Tangu jana namngoja nimwone anafananaje."

Alinifundisha miezi mitatu, na hakuna mgeni wa Barsha ambaye hakusimuliwa. Siku hizi nikipanda teksi namwambia dereva jina la hoteli, mtaa, na msikiti wa jirani, kisha namwomba anirudishie yote kwa mdomo wake. Wengi wanakasirika. Wakasirike tu.