Damu ya Atupele, Kutoka Ikolo Hadi Mbeya

Nilikwenda Ikolo mwenyewe kwa sababu damu niliyotumiwa mara ya kwanza ilifika Mbeya imeharibika, seli zimepasuka. Kazi yangu ya maabara ni kuchunguza utando wa seli za damu, na utando huo nautaka ungali hai.

Tuliondoka Mbeya alfajiri kwa basi. Tukuyu mvua ilitushika, tukakaa tukisubiri udongo ulioporomoka uondolewe barabarani. Kyela nilishuka mgongo ukiuma, nikapanda bodaboda nikiwa nimepakata kasha la barafu.

Ikolo nilimkuta Atupele, mwenye selimundu tangu utotoni, amejilaza kwenye mkeka kando ya kakao iliyoanikwa. Mama yake alinipa ndizi na chai, akauliza damu ya mwanawe inatafutiwa nini tena.

Nikawaeleza kwamba seli imezungukwa na utando wa mafuta, safu mbili. Mafuta hayo hayatulii. Kila chembe huteleza ndani ya safu yake, ila ni nadra kuvukia safu ya pili. Yapo ambayo seli huyazuia upande wa ndani. Seli ya selimundu inapopinda na kunyooka mara nyingi, baadhi ya hayo hutokea nje, nayo seli hunata kwenye mishipa. Hilo huchangia maumivu.

Atupele alisikiliza amefumba macho. "Ukiyaona, nitapona?"

Nilitamani kusema ndiyo. "Hapana, dada. Labda kuyaona kutasaidia wengine, baadaye sana."

Mama yake alitaka akatae. Alisema mwanawe ametobolewa vya kutosha. Atupele akanyoosha mkono. "Chukua. Watu wanasema siumwi, najidekeza tu."

Mshipa ulinisumbua kuupata. Alikaza meno tu, na damu ilipoacha kutoka akaniambia ndaga, shukrani ambayo nilipaswa kuitoa mimi.

Nilirudi usiku uleule, nikisinzia na kushtuka kila gari liliporuka shimo. Mbeya niliitia damu yake rangi inayong'aa, ambayo hushika mafuta yale pale tu yanapotokea nje. Kando niliweka damu yangu nilinganishe. Yangu ilibaki karibu giza tupu. Katika ya Atupele, seli zilimeta hapa na pale, nyingi kuliko nilivyotarajia.

Nilimpigia Atupele simu kabla ya kulala, nikamwambia nilichokiona. Akampa mama yake simu, akataka nimweleze yeye. Nikaeleza upya, polepole. Yule mama hakuuliza kuhusu dawa. Alisema ataenda kumkanda mwanawe miguu.

Sikupeleka tiba Ikolo. Nilijifunza kwamba mgonjwa huweza kutoa damu yake ili aaminiwe tu, na kwamba nilikuwa nimechunguza damu miaka mingi bila kulijua hilo.