Shangazi Apanga Matanga Yake

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, hakuwa mgonjwa hata kidogo. Alikuwa na nyumba mtaa wa Muhumba, afya ya punda, na hofu moja: kwamba siku akifa tutamwaibisha. Kwenye matanga ya mumewe tuliwapa wageni maharagwe mabichi na hotuba isiyokwisha. Kwa hiyo Jumamosi moja, miaka ile ya Zaïre, alituita tufanye mazoezi.

Alikaa katikati ya sebule, amevaa pagne, kitenge chake cha Pasaka. Mimi, niliyekuwa nimeolewa juzi tu, nilipangiwa kuongoza kilio. Nikalia.

"Unalia sawa na mutu alipoteza kiatu," akasema. "Anza tena."

Mara ya tatu machozi ya kweli yalitoka, kwa hasira. Hayo aliyakubali.

Kisha akasimama mdogo wake wa kiume, tonton yetu mwenye kazi ya serikali kule Kalehe, abacost, ile suti ya serikali isiyo na tai, imefungwa mpaka kooni. Akasoma karatasi: marehemu alikuwa mpole, mvumilivu, hakugombana na mtu. Tukaangalia sakafu. Jirani, ambaye shangazi alikuwa hajamsalimia miaka miwili, akakohoa.

"Unazika nani, wewe?" shangazi akamkatiza. "Mimi sikukuwaka mupole. Sema nilikuwa na kinywa mubaya na nililisha watu. Na utasoma jina yangu ya batizo."

Tonton akakunja karatasi. Majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa, na yeye alikula kwa serikali.

"Dada, watanifukuza ku kazi."

"Mimi nitakuwa nimekufa. Hiyo ni shida yako."

Tulicheka mpaka mtu akamwaga chai. Tonton hakucheka. Alikunjua karatasi, akalitamka jina lile kwa sauti ya mtu anayetukana kanisani. Shangazi alifumba macho, na uso wake ukalegea kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

"Ongeza nguvu kidogo," akasema.

Alikufa kweli miaka minne baadaye. Tonton alisoma jina lote, kwa sauti, na mwakilishi wa chama tawala akajifanya anatafuta kitu mfukoni. Mimi nilikuwa nimekauka, sikupata chozi. Tukaondoka kwenda kumzika kijijini Nyantende, mvua ikanyesha, lori likakwama, tukalisukuma wote kwenye matope, padri akiwa mbele, kanzu ameifunga kiunoni, akituamrisha kwa Kimashi, lugha ya kwetu, kisichofaa altareni. Hapo ndipo nilipolia, huku nikicheka, na hakuna aliyenirekebisha.