Kobe wangu havunjwi, kumbe anafagiwa: nilivyopoteza mlango wa fremu Kariakoo

Wakuu, salaam kwenu. Mlioko kazini, mlioko foleni, na nyie mnaosomaga kimyakimya bila kuacha hata neno, wote nawasalimu.

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Shule niliishia darasa la tano. Kariakoo niliingia na begi moja la mgongoni, leo nikipita mtaani naitwa bosi na ninaitika. Nimewahi kuuziwa saa haina mashine ndani, na nikaiuza saa hiyohiyo kwa faida.

Kwa hiyo nikisema kuna siku nilishangaa, jueni nilishangaa kweli. Na sitii chumvi. Mashahidi wako hai, huenda mmoja yumo humu.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, kila mwenye pasi ya kusafiria anakimbilia Dubai. Na mimi nikaenda. Nikarudi na saa, kalkuleta, mikanda, na katoni moja niliyoambiwa ni karata. Sikuifungua. Karata ni karata, nani anafungua karata?

Kufika Dar nafungua, naona madudu. Hakuna kopa, hakuna shupaza. Kuna mijusi yenye mabawa, mawe yenye macho, vibibi, na kila kadi ina maandishi ya Kizungu chini ya picha. Wateja wakawa wanaishika, wanasema "astaghfirullah," wanairudisha.

Tuiache katoni hapo kidogo.

Wakati huohuo nilikuwa nimepata fremu upande wa Msimbazi, nusu kwa nusu na jamaa wa Masasi anaitwa Mchopa. Yeye anauza mashuka. Kwa ambao hawajawahi kugawana fremu: mlango ni mmoja, maduka mawili. Wa mlangoni ndiye anaonekana. Wa nyuma anakaa gizani anamuomba Mungu mteja apotee njia.

Wote tulitaka mlango. Mwenye nyumba akasema hayamhusu, yeye anajua kodi. Tukaweka meza zote mbili mlangoni, mteja hapiti, tukawa tunauziana wenyewe.

Nikasema turushe sarafu. Mchopa akakataa. "Sarafu yako mtoto wa Ilala? Hiyo itakuwa na mwenge pande zote mbili."

Akasema tucheze karata, albastini. Hapo nikakataa mimi. Mchopa kwenye albastini alikuwa hashikiki, anazijua karata zako kuliko unavyozijua wewe.

Ndipo nikaikumbuka katoni.

Jirani yetu alikuwa Mama Nilesh, mama wa Kihindi anayeuza bangili na ubani. Kazaliwa Kariakoo, Kiswahili chake cha mtaani kinatushinda sote, na Kizungu anasoma. Ndani ya kila pakiti kulikuwa na karatasi ya maelekezo. Akatusomea.

Mchezo wenyewe mwepesi. Unaweka madudu yako mezani, yana namba, kubwa inaua ndogo. Kadi nyingine hazina namba, zina amri, ukiitupa inafanya ilichoandikiwa. Ukibaki na meza tupu, mwenzako ana dudu, akipiga umekwisha.

Nyie mnaocheza magemu kwenye simu mtacheka. Sisi tulijifunza juu ya boksi la mashuka.

Tukakubaliana: tunafungua pakiti mpya, kila mtu anachukua yake, mshindi anachukua mlango. Mama Nilesh ndiye refa, na neno lake la mwisho.

Wakuu, pakiti yangu ilikuwa na Kobe. Kobe wa mawe, anang'aa dhahabu, kabeba mlima mgongoni. Nikampelekea Mama Nilesh pembeni anisomee.

"Kadi hii haivunjwi na kadi yoyote," akasema.

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Mimi nikajua nimeshika turufu. Usiku ule nilipanga kabisa saa zitakaa wapi pale mlangoni.

Jumapili mchana, mtaa umepoa, watu wakajaa. Muuza kahawa, mafundi cherehani, wote. Kumweka Kobe mezani kulikuwa na bei yake: lazima utoe kadi zako mbili zilizoko mezani. Nilikuwa na mbili tu. Nikazitoa. Nikamtua Kobe kwa kishindo hadi boksi likabonyea.

"Mchopa," nikasema, "anza kukunja mashuka mwenyewe kaka, usisubiri aibu."

"Cheza. Mdomo hauna namba."

Yeye mezani alikuwa na panya. Panya, wakuu! Namba moja! Watu wakacheka.

Akachomoa kadi mkononi, ina picha ya kibibi kashika ufagio. Akamkabidhi refa. "Mama Nilesh, nisomee huyu bibi yangu."

"Kadi moja ya mwenzako irudi mkononi mwake."

Mchopa akamnyanyua Kobe kwa vidole viwili, akaniwekea mkononi, taratibu, kama mtu anayerudisha chenji.

"Shika mzigo wako, kaka."

Nikasimama. "We! Kobe haguswi! Imeandikwa haivunjwi! Hii turufu, turufu inafagiwa wapi?"

Mtaa ukagawanyika. Muuza kahawa akawa upande wangu, akasema kisichovunjika hakiondoki. Fundi mmoja akamjibu, "Mwamba hauvunjiki, mbona greda linausogeza?" Kahawa zikasahaulika, watu wanashikana mabega. Mimi najua kuongea, niliongea mpaka shingo ikatoa mishipa.

Mama Nilesh akagonga bangili kwenye boksi.

"Shomari, kaa chini. Nani kakwambia kuna turufu hapa? Umeleta albastini kwenye mchezo usio wake."

"Lakini Mama, haivunjwi!"

"Imevunjika wapi? Si hiyo unayo mkononi, nzima kama ulivyoinunua? Imeandikwa haivunjwi. Haijaandikwa haihamishwi."

"Sasa ipi ina nguvu, yangu au yake?"

"Kadi hazijagombana, mwanangu. Wewe ndiye unagombana. Kila moja imefanya ilichoandikiwa."

Nikataka kumrudisha Kobe mezani. Bei yake kadi mbili za mezani, na meza yangu ilikuwa nyeupe kama sahani ya mgeni.

Panya akapiga.

Mimi, mtoto wa mjini, nimetolewa mlangoni na panya.

Hapo ndipo niliposhangaa, wakuu. Kufungwa nimefungwa mara nyingi. Kilichonishangaza ni kwamba nilishika kitu kikubwa kuliko vyote, na maneno yake yote yalikuwa ya kweli, na bado nikashindwa.

Nikahama siku ileile. Neno ni neno. Mchopa mwenyewe alinisaidia kubeba meza, huku anapiga mluzi.

Kesho yake napita kwa Mama Nilesh. "Shikamoo Mama Nilesh."

"Marahaba. Umevunjika?"

"Sijavunjika."

"Basi umehama tu. Nenda kauze."

Ikawa ndiyo salamu yetu kila asubuhi, mpaka mtaa mzima ukaidaka. Mtu akifukuzwa kibanda, wanamuuliza, "Umevunjika au umehama?"

Sasa sikilizeni cha ajabu. Kule nyuma kulikuwa na giza, lakini kulikuwa na utulivu. Mlangoni watu wanauliza bei wanapita, vibaka wanachomoa, askari wa jiji wakija meza inakimbizwa. Wafanyabiashara wa mikoani wao hawataki kuonekana wanahesabu hela barabarani. Wakawa wanampita Mchopa, wanaingia ndani, wanakaa kwenye kigoda changu, wanachukua saa kwa dazeni.

Ndivyo nilivyoingia kwenye jumla. Mengine mnayajua, na msioyajua njooni Kariakoo muulize ghala la Shomari ni lipi.

Mchopa yuko Masasi na korosho zake. Tukipigiana simu ananiita Kobe. Katoni iliyobaki aliichukua kinyozi mmoja akabandika kadi zake ukutani, saluni ikajaa. Kobe mwenyewe yuko ofisini kwangu, kwenye fremu ya kioo, na mgeni akiuliza namsimulia yote, isipokuwa panya.

Funzo langu: ukisikia una kitu hakivunjiki, usishangilie. Uliza na lile ambalo hakijaandikiwa. Na ukihamishwa, jipapase kwanza kabla hujalia, uone kama kuna palipovunjika.

Haya, wataalamu wa magemu, semeni: Mama Nilesh alihukumu sawa, au nilidhulumiwa? Na wewe uliyewahi kufagiwa ukatokea pazuri, weka kisa chako hapa chini.

Na kwa wale watakaouliza kufungwa kule kulinigharimu nini: kule nyuma nilihitaji mwanga. Tyubu ya futi nne, stata yake na fundi wa kuifunga. Jumla 3,650/=.