Upinde Uliovutwa Mtupu

Mwaka ule huko Ndalambo mahindi yalikuwa yamebeba vizuri, na nguruwe pori walishajua. Bunduki hatukuwa nayo. Tulikuwa na upinde mmoja wa mume wangu, wa mti wa mkole, kamba yake ya mshipa wa ng'ombe. Huo ukiharibika, tunavuna mabua.

Shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, akaja kututembelea kutoka Tunduma, alikokuwa anauza mitumba. Nikamchinjia kuku. Bado analamba vidole, akautungua upinde ukutani.

"Shemeji, nawa kwanza. Halafu huo hauvutwi bila mshale."

"Navuta tu, siachii. Unadhani mikono ya Tunduma inajua kukunja suruali peke yake?"

"Na kumega ugali inajua. Rudisha."

Akacheka, akavuta mpaka sikioni. Hakukusudia kuachia, hilo namtetea hadi leo. Vidole vilikuwa na mafuta, kamba ikamponyoka. Upinde ukalia mlio mkavu, kamba ikamchapa mkono, akakaa chini akiupuliza.

Mume wangu aliporudi hakuuliza habari za mkono. Alipitisha ukucha kwenye tumbo la upinde, polepole, mpaka ukucha ukakwama. Palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Si bado unavutika, kaka?"

"Unavutika. Siku moja utanipasukia usoni." Akalegeza kamba. "Mshale ndio unaoondoka na ile nguvu. Usipokuwepo, nguvu inabaki kwenye mti, inautafuna."

Nimeyawaza sana maneno hayo. Watu huona upinde mtupu ni salama, kwa kuwa haumchomi mtu. Mimi nami nilirudia katazo la mume wangu tu, sikujua kwamba mti nao unaumia.

Mkole mpya ukakatwa, lakini mti hauharakishwi. Ukiuanika juani unapasuka. Ukawekwa kivulini. Shemeji akaahirisha safari, akapewa debe na kipande cha chuma, akahamia kwenye dungu la kulindia mahindi shambani. Alipiga lile debe mpaka majirani wakalalamika, na sauti ikamkauka kwa kupiga kelele.

Upande wa bondeni nguruwe walikula mahindi yote. Kwingine tulivuna. Nikamfungia gunia la kumpelekea mkewe.

"Shemeji, hili sistahili," akasema.

"Beba. Gari halitakusubiri wewe."

Akalibeba. Mti wa upinde mpya ulikuwa bado haujakauka.