Hanifa na Kipande cha Mfupa

Hanifa alipokatwa titi, dada yake Mwanatumu alilivingirisha kwa bafta nyeupe ya sanda, akalipeleka kijijini kwao Gazi likazikwa nyuma ya nyumba, kama inavyostahili kiungo cha Muislamu. Juma lililofuata wakasoma dua ya shukrani, pilau ikaliwa. Tangu hapo kijiji kizima kilijua kwamba Hanifa amepona, na yeye mwenyewe akaamini. Nyonga ilipoanza kumuuma, alisema ni matope ya kupanda mikoko. Alijichua kwa mafuta ya nazi, akanyamaza. Angemwambia nani kwamba ugonjwa uliozikwa na kusomewa dua huenda umerudi?

Sasa alikuwa kitandani, katika hospitali ng'ambo ya kivuko, hawezi kugeuka bila kushikwa. Daktari Jemima, mtu wa bara, hakumficha. Ilikuwa saratani ile ile ya titi, imehamia mifupani. Dawa ya kuimaliza hakuna, zipo za kuipunguza kasi. Watamchoma sindano watoe kipande kidogo cha mfupa, wajue dawa ipi itamfaa.

"Na kama utaridhia, mama, sehemu yake ibaki kwa watafiti. Wanatafuta ni kwa nini saratani inahama. Wagonjwa wa namna yako wanasahauliwa sana. Ukikataa, matibabu yako hayabadiliki."

"Hapana," Mwanatumu alisema kabla Hanifa hajafungua mdomo. "Mmeshamkata. Sasa mwataka kumtia chupani?"

"Da Tumu, mfupa ni wangu."

"Leo ni wako. Siku ya kukuosha ukazikwe, nitakayekuosha ni mimi. Nikiulizwa kipande kingine ki wapi, niseme kimekwenda kusoma?"

Siku nyingine Hanifa angecheka. Alimgeukia daktari kwa macho tu.

"Nikitoa, nitapona?"

"Hapana, mama."

"Hilo jibu wanalolitafuta, watalipata lini?"

"Sijui. Huenda usilione."

Hanifa alitamani adanganywe, japo kidogo. Akamtazama dada yake, mnene, mzima, aliyenyonya ziwa lile lile alilonyonya yeye.

"Wewe umeshapimwa?"

"Mimi siumwi."

"Na mimi sikuwa naumwa."

Mwanatumu akaivuta leso yake kifuani.

"Kitoeni," Hanifa alimwambia daktari. "Na chao wachukue."

"Basi mimi simo," Mwanatumu alisema, akatoka, mlango ukajifunga nyuma yake.

Muuguzi peke yake ndiye aliyemgeuza ubavu. Maumivu yakampanda kutoka nyongani hadi utosini, akapiga ukelele, akamwita dada yake kwa jina. Akamwita tena. Nje, viatu vya Mwanatumu vilisikika vikienda, vikasimama, kisha vikaendelea kwenda.

Sindano ikaingia.